Ukubwa wa Shamba Hauoshi Mboga

Hotuba kwa wateja, wauza mboga na wakulima wa bustani, Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa soko, mama zangu wa magenge, wakulima mlioacha matuta yenu asubuhi hii, na ninyi wateja ambao ndio hasa nimekuja kuongea nanyi: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Kila muuza mboga aliyekaa hapa ameshaulizwa swali hili. Mteja anasimama mbele ya mafungu ya mchicha, anashika moja, analigeuza, anasema, "Huu si wa Msimbazi kweli?", yaani wa bonde la mto ule unaopokea maji taka ya jiji. Anajibiwa, "Hapana dada, wa Bunju huu." Wote wawili wanajua kwamba jibu hilo halina ushahidi. Basi mteja anaondoka, anakwenda supamaketi, anachukua mchicha uliofungwa kwenye plastiki na kukaa kwenye friji, na moyo wake unatulia. Hakuuliza pale ulikotoka. Plastiki na baridi vimemjibu.

Yupo na mteja wa pili. Huyu anaamini kinyume kabisa: mboga ya mkulima mdogo ni ya kienyeji, haijaguswa na dawa, ni ya asili. Huyu naye haulizi kitu. Ukimwambia imetoka bustani ya mama fulani nyuma ya nyumba, inatosha.

Nimefanya kazi ya ugani wa mboga kwa miaka mingi, na nimechoka kuwasikia wateja hawa wawili wakibishana, kwa sababu wote wanaupima usalama kwa kitu kimoja kisichoupima: ukubwa wa shamba. Mboga huharibiwa au huokolewa na maji, samadi, dawa na mikono. Ekari hazimo. Woga wenu una haki, ila mmeuelekeza pasipo, na ukielekezwa pasipo unawaumiza ninyi na unamuumiza mkulima.

Nasema una haki kwa sababu takwimu zipo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio ya magonjwa yanayoletwa na chakula: watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani, na 420,000 hufa. Kwa Afrika ni wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000. Hesabu hiyo ni ya vyakula vyote, lakini mboga inayoliwa mbichi imo ndani yake. Na mwaka huohuo, mwezi Agosti, kipindupindu kilianzia hapa hapa Dar es Salaam kikasambaa mikoani. Nani kati yetu alikula kachumbari ya barabarani miezi ile bila kusita?

Tuwatazame wakubwa kwanza. Mwaka 2006 huko Marekani watu wapatao 200 waliugua, watatu wakafariki, kwa kula spinachi mbichi iliyokuwa imeshaoshwa kiwandani na kufungwa kwenye mifuko mizuri. Aliyehusika ni bakteria wa E. coli, aina ya O157:H7, anayekaa kwenye matumbo ya ng'ombe. Wachunguzi walifuata mifuko ile hadi kaunti ya San Benito, California, kwenye mashamba yaliyopakana na malisho ya ng'ombe, ambako nguruwe pori nao walikuwa wakipita. Wagonjwa walitoka majimbo 26. Kiwanda kikubwa hukutanisha majani ya mashamba mengi, kikayafunga siku moja na kuyatawanya nchi nzima. Kosa la tuta moja linafika mbali sana.

Sasa wadogo. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa E. coli mwingine, O104:H4. Karibu watu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 walikufa. Wa kwanza kunyooshewa kidole walikuwa wakulima wa matango wa Hispania. Maofisa wa Hamburg walitangaza, wateja wakakimbia matango Ulaya nzima, Urusi ikazuia mboga za Umoja wa Ulaya, na Wahispania wakabaki wanatupa mazao yao. Baadaye ikabainika matango hayakuhusika hata kidogo. Chanzo kilikuwa machipukizi ya uwatu, uwatu huu huu tunaoujua sisi, yaliyooteshwa kwa ajili ya saladi kwenye bustani ya kilimo hai, kile kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, katika mji mdogo wa Bienenbüttel. Mbegu zilitoka Misri. Umoja wa Ulaya ulitenga zaidi ya Euro milioni 200 kuwafidia wakulima walioharibiwa na woga huo.

Kwa hiyo mteja wa plastiki angekula ile spinachi, na mteja wa "asilia" angekula yale machipukizi. Na hata baada ya fidia, hakuna aliyemlipa mkulima wa tango machozi yake.

Turudi nyumbani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Kisarawe, unakata jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Selander, na njiani humo unapokea maji taka ya majumbani na ya viwandani. Anayeogopa mchicha uliomwagiliwa maji hayo haogopi bure. Tena hapa sikilizeni vizuri: vijidudu vya kinyesi hufa kwenye sufuria inayochemka, lakini madini mazito, kama risasi, hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mmea ukishayanyonya yamo ndani ya jani. Maji ya namna hiyo hayafai kwa mboga ya majani, na hilo nawaambia wakulima waliopo hapa kama ninavyowaambia bustanini.

Lakini mwenye bustani Goba, Kigamboni au huko Bunju anayetumia kisima, kipande chake kina ukubwa uleule wa kile cha bondeni, na habebi lawama ya mto asiouchota. Na kisima nacho kinahitaji kuulizwa. Kisima kifupi kilichochimbwa mteremko wa chini ya choo cha shimo kinaweza kutoa maji yanayong'aa kwenye keni huku yamejaa vijidudu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha vijidudu 1,000 vya kinyesi katika mililita 100 za maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Mwongozo wa mwaka 2006 ulikuja na fikra inayomfaa zaidi mkulima mdogo: kama maji si safi kabisa, weka vizuizi vingi njiani, kila kimoja kipunguze kidogo. Acha maji yatulie kwenye dimbwi kabla ya kuchota. Mwaga chini kwenye udongo badala ya juu ya majani. Sitisha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, jua liue vijidudu. Mkulima wa mchicha atanijibu kwamba mchicha ukikosa maji siku mbili kwenye jua la Januari unalala, na hakuna atakayeugusa sokoni. Anasema kweli. Basi kizuizi hicho akiache, ashike vingine.

Samadi nayo ina hesabu yake, na hesabu hii naomba muikariri. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe shambani si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo. Mchicha wetu unang'olewa baada ya wiki tatu au nne. Ukitia mbolea mbichi ya kuku leo, familia itakuwa imekula mchicha wa tuta hilo mizunguko minne kabla siku 120 hazijatimia. Kwa hiyo kwa mchicha hakuna njia ya kusubiri; kuna njia ya kuivisha samadi tu. Irundikwe, ilowane, igeuzwe, ipate joto la kutosha kiasi kwamba ukichomeka fimbo katikati na kuichomoa, huwezi kuishika kwa raha. Mkulima anayefanya hivyo anatumia jasho la wiki nyingi kwa kitu ambacho mteja hatakiona kwenye jani. Hakuna anayemlipa hata shilingi kumi ya ziada kwa kazi hiyo, na hilo linaniumiza.

Twende sokoni. Saa nane mchana, genge lolote. Mchicha uliofika alfajiri umepigwa na jua. Chini ya meza kuna ndoo ya lita 20. Mama anachovya fungu, analikung'uta, analipanga juu, majani yanasimama tena. Fungu linalofuata linaingia humo humo, na la tatu, na karoti, na hoho. Kufika saa kumi maji yamekuwa ya rangi ya udongo. Kama fungu moja la alfajiri lilikuja na kinyesi, jioni yote yanacho, hata lile la mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa. Mama huyu simlaumu. Soko lake halina bomba, maji anayanunua kwa ndoo, na anajua kwamba jani lililolegea mteja halinunui. Ninyi ndio mnaotaka lionekane kama limetoka shambani sasa hivi.

Nije kwenye dawa, maana hapa ndipo maneno ya mitaani yalipo mengi.

Mwaka 2014 aliingia nchini nondo mdogo wa kijivu ambaye wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Wakulima walimbatiza Kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, ndani ya shina, ndani ya nyanya yenyewe, na shamba lisiloshughulikiwa huweza kuisha lote. Dawa nyingi zikamshindwa kwa sababu ameshazizoea. Mkulima aliyekopa mbegu na mbolea afanye nini? Ameanza kuchanganya. Dawa ya mdudu, dawa ya ukungu, mbolea ya majani, vyote kwenye bomba moja la mgongoni, na kipimo chake ni kifuniko cha chupa. Wengine dukani hupimiwa dawa kwenye chupa ya soda. Chupa hiyo haina lebo. Hata aliyesoma mpaka chuo hana cha kusoma pale.

Na lebo ndiyo yenye neno muhimu kuliko yote kwa mlaji: siku za kusubiri. Kuna dawa inayosema siku 3, nyingine 7, nyingine 14, kutoka siku ya kupiga hadi siku ya kuchuma. Sasa fikirini nyanya ilivyo. Haiivi siku moja kama mahindi. Ikianza kuiva inachumwa kila baada ya siku chache, kwa wiki nyingi, na Kantangaze hajaondoka. Jumatatu mkulima kapiga dawa ya siku 7. Alhamisi dalali kafika na gari, matenga yako tayari, na hatarudi kwa sababu yako. Usipovuna, nyanya zinaiva kupita kiasi na kupasuka, na mkopo uko palepale. Wengi huvuna. Nimesimama kwenye ukingo wa shamba nikimwomba mtu asivune, na sikuwa na kitu cha kumpa badala ya fedha ya dalali.

Njia zipo. Mitego yenye harufu ya nondo jike hunasa madume. Masalia ya nyanya za msimu uliopita yang'olewe na kuteketezwa. Na dawa zenye siku nyingi za kusubiri zitumike mapema, kabla tunda halijaanza kuiva, ili kipindi cha kuchuma kibaki na zile za siku chache. Hayo mkulima wa robo ekari anayaweza, tena pengine kuliko wa ekari mia, maana anapita kwenye kila mche kwa miguu yake.

Na mteja anafanya nini wakati huo? Anatafuta nyanya isiyo na unga mweupe. Unga huo mara nyingi ni dawa ya ukungu kama mankozebu, inakaa juu ya ganda, na ukisugua chini ya maji yanayotiririka sehemu kubwa inaondoka. Muuzaji anajua mnauogopa, anachukua kitambaa, anafuta mpaka nyanya inang'aa. Lakini kuna dawa ambazo mmea huzinyonya zikaingia ndani. Hizo hazifutiki na hazionekani. Nyanya inayong'aa inaweza kuwa imepigwa juzi, na ile yenye vumbi jeupe inaweza kuwa imesubiri siku zake zote. Kisha mteja huyohuyo anafika kwenye sukuma wiki, anaona jani lenye tundu dogo la mdudu, analirudisha. Anachukua lile lisilo na alama. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kwenye mboga uzuri huo mara nyingi umenunuliwa kwa dawa.

Ndugu zangu wateja, mkulima anasikiliza pesa yenu kuliko maneno yenu. Mdomo unasema "sitaki dawa." Mkono unaacha jani lenye tundu. Yeye anaufuata mkono.

Mtu ataniambia kwamba wakulima wadogo hawawezi kufuata utaratibu, hawana elimu, hawana mtaji. Hebu mtazameni jirani yetu Kenya. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage mabichi ya maganda, mishiri kama wanavyoyaita, pamoja na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa kupita kiwango, dimethoate ikiwa miongoni mwake. Kulikuwa na maumivu makubwa, na wapo wakulima wadogo walioachwa nje ya biashara ile. Waliobaki, wengi wao ni watu wa vipande vidogo waliojiunga kwenye vikundi: daftari la dawa, stoo moja yenye kufuli, mtu mmoja aliyefunzwa ndiye anayepiga kwa wote, tarehe ya kupiga na tarehe ya kuchuma zimeandikwa. Mambo hayo hayo yanafanyika kwetu Arusha na Kilimanjaro kwa mboga za kusafirishwa. Mkulima yuleyule, akivuka mfereji kwenda kwenye kipande chake cha nyanya za soko la ndani, daftari linabaki nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anauliza, na mimi na wewe hatuulizi.

Hili ndilo lililonileta. Nataka muulize, tena maswali mawili tu: mboga hii imemwagiliwa maji gani, na imepigwa dawa lini? Muuzaji wa leo hatajua. Mwulize tena wiki ijayo. Akiulizwa na wateja ishirini kwa siku atamuuliza aliyemletea, naye atamuuliza mkulima. Na siku mkulima akikwambia ukweli, kwamba imepigwa juzi, usimtangaze soko zima kuwa anauza sumu. Mwambie utarudi ikitimiza siku zake, na urudi kweli. Mkulima akiadhibiwa kwa kusema ukweli hatausema mara ya pili.

Marekani, sheria yao ya usalama wa chakula iliyotiwa saini Januari 2011 ilizua malumbano juu ya jambo hilihili la wadogo. Walikuwepo waliosema bakteria hajui ukubwa wa shamba, na walikuwepo waliosema masharti ya wakubwa yatawafukuza wadogo. Mwisho wakawapa nafuu wenye mauzo ya chini ya dola 500,000 kwa mwaka wanaouza sehemu kubwa moja kwa moja kwa walaji, au kwa migahawa na maduka yaliyo jimboni mwao au ndani ya kilomita 440 hivi. Lakini waliwapa na sharti: jina la shamba na mahali lilipo lionekane pale mboga inapouzwa. Nafuu ile mtu anaweza kubishana nayo, na mimi mwenyewe naona ni kubwa mno. Lile sharti la jina nalitamani hapa kesho asubuhi. Kibao cha karatasi ngumu juu ya meza: bustani ya nani, iko wapi, maji yake yanatoka wapi. Haigharimu kitu.

Kwa kilimo hai tunacho cha kuanzia. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake na alama yake, Kilimohai, na wadogo wanaweza kuipata kwa utaratibu wa vikundi ambapo wakulima hutembeleana mashambani na kukaguana. Mkitaka mboga isiyo na dawa za viwandani, tafuteni alama hiyo. Neno "kienyeji" halijakaguliwa na mtu. Ila kumbukeni Bienenbüttel: kilimo hai kinashughulika na dawa na mbolea za viwandani, samadi na maji bado vinataka kuulizwa.

Kwa uongozi wa soko na halmashauri ombi langu ni bomba la maji safi na karo la kuoshea, lenye maji yanayotiririka na kuondoka, ili zile ndoo zistaafu. Kwa wenye maduka ya pembejeo: dawa isitoke dukani bila lebo yake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inasimamia dawa, na Shirika la Viwango ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula tangu mwaka 2019. Tunawaomba wapime mboga za masoko yetu kama zinavyopimwa zile zinazopanda ndege, na majibu yabandikwe hapa ukutani tuyasome.

Nyumbani mambo ni machache. Osheni jani moja moja kwa maji yanayotiririka, bila sabuni. Menyeni kinachomenyeka. Mboga ya kupikwa ipikwe ichemke, na ile ya kachumbari ipewe uangalifu mara mbili, kwa sababu haipiti motoni. Na tafadhali msiache kula mboga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima, na nyumba nyingi hapa mjini hazifiki. Mtoto anayenyimwa mchicha kwa sababu mama amesikia habari ya kutisha kwenye simu ameumizwa na woga, hakuna kijidudu kilichomgusa.

Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianzie safu ya pili walipo wakulima. Kila mmoja ataje jina lake, bustani yake ilipo, na maji anayotumia. Kisha wateja waulize.